Leteni Mkebe Uwanjani

Mama yangu alikuwa na mkebe wa mafuta ya Kimbo, ule wa kilo mbili, mfuniko umepinda kwa kufunguliwa na kijiko. Kila Januari, chama chao cha wanawake kumi na wawili, cha kuchangiana fedha kwa zamu ya kila mwezi, kilipoanza mzunguko mpya, walikutana nyuma ya kibanda cha mboga pale Gatina, Kawangware, wakararua karatasi ya daftari vipande kumi na viwili, wakaandika namba, wakavikunja mpaka vikawa kama punje za mahindi, wakavitumbukiza mkebeni. Mkebe ukatikiswa. Kisha kila mmoja akatia mkono, uso ameugeuzia ukutani. Aliyeokota namba moja alipiga vigelegele, maana fedha za Januari ni za karo. Aliyeokota kumi na mbili alisonya, akajifunga leso upya, akaomba amiminiwe chai. Nimekua nikiuona mkebe ule mwaka baada ya mwaka, na sijasikia hata mwanamke mmoja akisema ameonewa.

Wanawake wale wale, mwezi ule ule, walipanga foleni kuomba watoto wao wasaidiwe karo ya sekondari. Huko hakukuwa na mkebe. Kulikuwa na fomu, barua ya chifu, sahihi ya mzee wa mtaa, muhuri wa kanisa, na kwa waliofiwa, nakala ya cheti cha kifo. Baada ya hayo yote mtoto mwenyewe aliitwa mbele ya jopo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa na viatu vizuri, vya mtumba lakini vizuri, na mama alinivua langoni akanivisha patipati zilizokatika kisha zikashonwa kwa waya. Viatu vilibaki ndani ya mfuko wa nailoni, mapajani mwake, kama mali ya wizi. Ndani niliulizwa tunakula mara ngapi kwa siku. Nikasema mara mbili. Bwana mmoja akaandika kitu, na papo hapo nikajua nilipaswa kusema mara moja.

Nafasi zilikuwa chache, watoto walijaza ukumbi. Nikakosa. Nimeishi na jambo hili miaka mingi: nilifeli mtihani wa umaskini, na sikuwa tajiri.

Leo nina ndevu za kijivu na mtihani ule bado unafanywa. Unafanywa Kibera, unafanywa Kawangware, na wanaousahihisha wanajiita kamati. Kawangware na Kileleshwa ziko katika eneobunge moja, Dagoretti Kaskazini, zina mbunge mmoja. Sijawahi kusikia mtoto wa Kileleshwa akiitwa aeleze mbele ya watu wazima watano jinsi baba yake alivyokufa ndipo asome. Aibu hiyo tumetengewa sisi wa upande huu wa barabara.

Basi nasema, na nitakayemkera na akereke: mahali ambapo nafasi ni sita na wanaostahili ni arobaini, hakuna binadamu aliyejaliwa macho ya kujua ni sita gani. Anayedai kwamba anajua, ama anajidanganya au ana duka la kuuza nafasi. Pigeni kura. Sisemi kura ya kumchagua mheshimiwa. Nasema kura yenyewe, ile ya asili, ya karatasi iliyokunjwa.

Maana neno hili tulinyang'anywa tukaachiwa nusu. Kura imetoka kwenye Kiarabu, na kabla haijawa ya masanduku ya uchaguzi ilikuwa ya kuacha bahati iamue pale ambapo mtu hana haki ya kuamua. Mkristo wa Laini Saba, Kibera, anajua kwamba nafasi ya Yuda miongoni mwa mitume ilijazwa kwa kura, ikamwangukia Mathiya. Mwislamu wa Makina, jirani yake, anajua kisa cha Yunus melini, na anajua kwamba Mtume aliwapigia kura wake zake alipotaka kusafiri na mmoja wao. Kwa hivyo atakayesimama kuniambia kura ni kamari na kamari ni haramu, namwomba arudi kwenye kitabu chake kwanza. Kamari ni kuweka mia ili upate elfu, na simu za vijana wetu zimejaa huo upuuzi usiku na mchana. Kwenye kura ninayoidai hakuna anayeweka kitu. Hakuna anayepoteza alichokuja nacho, isipokuwa labda yule aliyekuja na bahasha.

Na nchi hii, Kenya, si ngeni kwa jambo hili. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa barabara za mashambani, zilizojengwa kwa jembe, sururu na toroli badala ya matingatinga. Kazi zilikuwa chache na mikono ilikuwa mingi. Walifanya nini? Waliita baraza, wakahesabu waliojitokeza, na walipozidi idadi ya kazi wakapiga kura palepale mbele ya wote. Barabara zikajengwa, maelfu ya kilomita. Wahandisi wa miaka ile, ambao hawakuwa na kompyuta wala mtandao, walielewa kitu ambacho ofisi zetu zenye kompyuta kila meza zinajifanya hazikielewi: kijana wa sururu hana tofauti na kijana mwingine wa sururu, na chifu akiachiwa kuwatofautisha atawatofautisha kwa ukoo.

Nenda mbele miaka arobaini. Julai 2014 polisi waliajiri makurutu 10,000 kwa siku moja nchi nzima. Vijana walikimbia viwanjani pekupeku, wakapimwa vimo, wakakaguliwa meno. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ikaenda kortini kusema zoezi lile lilioza, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikafuta ajira yote. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa tena mwaka 2015. Tafakari hilo. Taasisi ya kulinda sheria ilishindwa kuwachagua walinzi wa sheria bila kuivunja sheria. Na wewe unataka niamini kwamba kamati ya watu saba, wanaojuana tangu shule ya msingi, itagawa nafasi za mtaa wangu kwa haki?

Mtu ataniuliza: je, rubani naye apatikane kwa kura? Daktari wa upasuaji? Hapana, na swali hilo ni la kupoteza muda, lakini nitalijibu kwa sababu litaulizwa. Kwanza chujio, kisha kura. Polisi wana masharti yao: uwe Mkenya, uwe na afya, uwe na angalau alama ya D+ katika mtihani wa sekondari, ukimbie. Sawa. Kimbizeni watu, pimeni, angalieni vyeti, aliyeshindwa arudi nyumbani akijua ameshindwa na nini. Wakibaki mia tatu waliofaulu yote na nafasi ni ishirini, hapo ndipo duka hufunguliwa. Hapo ndipo afisa hutembea kwenye mstari akimgusa bega huyu, akimruka yule, na bega linaloguswa huwa limeshalipiwa usiku. Bei kila mtu mtaani anaijua na hakuna aliye na risiti. Mkebe unafunga duka hilo. Huwezi kuuza namba ambayo wewe mwenyewe huijui.

Uholanzi ilichagua wanafunzi wa udaktari kwa kura kwa miongo mingi tangu 1972, wenye alama bora wakiongezewa uwezekano, na wagonjwa wa Uholanzi hawakuisha. Jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 2008 lilikuwa na nafasi kama 10,000 za bima ya afya ya umma na watu wapatao 90,000 wakajiandikisha. Likachagua majina kwa kura. Hao ni watu wenye pesa, wenye wataalamu wa kupima uhitaji wa kila mtu kwa fomu ya kurasa ishirini. Waliona heri kura.

Lakini kwa nini niende Oregon? Kumbuka saiba yoyote ya Kawangware, zile za ngazi nyembamba juu ya kinyozi, katika msimu wa kujaza grinikadi. Msichana amenyoosha shuka jeupe ukutani, anapiga picha. Foleni imefika chini kwenye maji machafu. Fundi wa magari, mama wa mitumba, mwalimu wa shule ya chekechea, wote wametulia. Kwa miaka mingi, chini ya sheria ya Marekani ya 1990, viza hadi 55,000 kila mwaka ziligawiwa kwa bahati nasibu, na watu wa mtaa wangu waliiamini mashine iliyo ng'ambo ya bahari, wasiyoiona, ya nchi isiyowapenda sana, kuliko walivyomwamini karani anayeketi hatua mia mbili kutoka nyumbani kwao. Nilimwuliza mzee mmoja kwenye foleni ile kwa nini anajaza mwaka wa tano mfululizo. Akaniambia: kule hawajui baba yangu ni nani. Alisema kwa furaha. Sikumwuliza zaidi.

Sasa tuingie kwenye nyumba, maana hapo ndipo moto utakapowaka.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra. (Ndiyo, najua umesoma kwamba Kibera ina watu milioni. Milioni ni idadi ya kuombea msaada.) Soweto Mashariki, kijiji cha Kibera, ilipoanza kuboreshwa, wakazi walihesabiwa, wakapewa kadi, na Septemba 2009 wakaanza kuhamishiwa magorofa ya muda ya Lang'ata, makazi 600 ambamo familia tatu ziligawana jiko moja na choo kimoja. Waliahidiwa kurudi upesi. Kesi zikaja, miaka ikapita, watoto waliohama wakiwa mgongoni wakaanza shule. Ilikuwa 2016 nyumba zilipokabidhiwa: 822, pamoja na vibanda 245 vya biashara. Vyumba viwili, vitatu, na 108 za chumba kimoja. Kisha ikaja Eneo B la kijiji hichohicho, nyumba 4,054 kwenye michoro. Hesabu mwenyewe. Hata zijae zote na watu wa Kibera peke yao, tena wanaotoka Kibera kweli si shemeji wa mtu aliyehamia jana na kitanda, umati utabaki nje kwenye mabati.

Na nyumba hizi si sadaka. Tangu Machi 2024 sheria ya nyumba nafuu inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Askari wa lango anayetoka Kawangware kwa miguu alfajiri kwenda kulinda Lavington anakatwa. Mfanyakazi wa hoteli anayeishi Gatwekera, Kibera, anakatwa. Wote wanalipa, wachache watapata. Jambo likiwa hivyo, mimi sioni njia nyingine ya kumtazama usoni aliyelipa akakosa ila kumwambia: jina lako lilikuwa mkebeni, lilitikiswa pamoja na la kila mtu, mkono ukaokota jingine. Kumwambia kwamba kuna watu walikaa wakaona wewe hufai ni kumtukana baada ya kumkata.

Najua pingamizi kali kuliko zote, na haitoki kwa wezi. Inatoka kwa rafiki zangu wa mrengo wa kushoto. Wanasema: kura haiongezi nafasi hata moja. Ukiwafundisha maskini kuokota karatasi utakuwa umewafundisha kuridhika na uhaba; wangoje bahati badala ya kudai haki. Nyumba ni haki, iko kwenye Katiba, ibara ya 43. Haki haipigiwi kura.

Nimekesha nikiiwaza pingamizi hiyo. Jibu langu ni kwamba mambo yako kinyume na wanavyodhani. Tazama jinsi mtaa unavyofikiri leo. Kijana akikosa kazi hasemi kazi ni chache. Anasema sina mtu. Mama akikosa basari hasemi mfuko ni mdogo. Anasema jirani yangu anamjua diwani. Kila aliyekosa anaamini kwamba nafasi yake ipo mahali fulani, ikiwa imekaliwa, na dawa ni kumpata mtu wake naye. Kwa hiyo nguvu zote za mtaa zinaishia kumtafuta mtu. Tunabeba kuku kwenda kwa mheshimiwa. Tunaimba kwenye mikutano yake. Tunawachukia majirani kwa ukabila wao, tukihesabu majina kwenye orodha: hawa watatu ni wa kule, hawa wawili ni wa kwetu. Uhaba wenyewe hauonekani, umefichwa nyuma ya kujuana. Wanaotugawia wanapenda iwe hivyo, kwa sababu mtu anayegawa kidogo kwa upendeleo huitwa mfadhili, na angegawa kile kile kwa kura angeitwa karani.

Piga kura hadharani, uone. Watoto arobaini uwanjani, sita wanaondoka na barua. Thelathini na wanne wamebaki wamesimama pale, wamefaulu kila sharti, hakuna wa kumlaumu, jirani hakuwaibia, kabila halikuwaonea. Swali linalobaki ni moja tu, na limesimama katikati ya uwanja likiwa uchi: kwa nini sita? Hilo ndilo swali ambalo waheshimiwa wametumia maisha yao yote kulikwepa. Wale rafiki zangu wa haki na Katiba wanapaswa kuwa wa kwanza kuniletea karatasi.

Tazama uhaba wenyewe: Januari 2003, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo, wazazi wa Kibera walifurika Shule ya Msingi ya Olympic. Madarasa hayakutosha. Mwaka huo huo mtafiti James Tooley alizunguka vichochoro vya Kibera akahesabu shule 76 za kibinafsi, nyingi za mabati, zinazolipiwa na wazazi wale wale wasiokuwa na kitu. Huo ndio uhaba. Haukuanza jana, na kamati zote zilizokuja katikati hazikuupunguza hata kwa dawati moja. Zilichofanya ni kuupangia bei.

Tusidanganyane, kura nayo huibwa. Julai 2022 jiji la Addis Ababa lilichezesha kura ya kompyuta kugawa zaidi ya nyumba 25,000 kwa watu waliokuwa wameweka akiba kwa miaka mingi. Siku chache baadaye matokeo yakafutwa: data ilikuwa imechezewa, majina yasiyostahili yameingizwa, maafisa wakakamatwa. Wapo watakaosema, unaona? Ndiyo, naona. Naona kwamba wizi ule uligunduliwa kwa siku kadhaa, wakati wizi wa kamati hauwezi kugunduliwa kamwe kwa sababu hakuna kanuni ya kuulinganisha nayo. Na naona mambo mawili ya kushikilia kwa meno. Orodha ibandikwe ukutani mwezi mzima kabla, kila jina, ili mtaa uwaseme wageni. Anayetaka kuiba ataiba kwenye orodha, si kwenye mkebe. Na kompyuta ibaki ofisini. Sitaki programu. Sitaki mtaalamu aliyefunga tai aniambie mashine imechagua. Nataka karatasi ninayoweza kuikunjua.

Turudi kwa mama zetu na mkebe wao. Wanauchumi Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walikuja Kibera miaka ya tisini kuvichunguza vyama vya kina mama, na mwaka 2002 wakachapisha waliyoyaona: wengi wa wanachama ni wanawake walio na waume, wanaoficha akiba mkono wa mume usiifikie. Nilicheka niliposoma. Ilibidi watoke ng'ambo kutuambia kwamba mama zetu wanajua kulinda pesa! Ila jambo hilo linanifaa hapa. Wanawake hao hawaaminiani kwa upofu. Wanajuana vizuri mno, ndiyo maana wakatafuta kitu kisichomjua yeyote.

Kwa hiyo ninyi mnaoshikilia funguo za Eneo B, na ninyi mnaogawa basari za Kibra na Dagoretti Kaskazini, na ninyi mnaokuja viwanjani na utepe wa kupimia vimo: uwanja wa Kamukunji uko palepale Kibera, mnaujua, huja kuomba kura zile nyingine. Njooni Jumamosi, saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka vizuri. Bandikeni majina mapema. Mleteni mtoto wa chekechea atie mkono, afungwe leso machoni, na kila karatasi ikitoka isomwe kwa kipaza sauti kisha ionyeshwe umati. Waliokosa waandikwe pia, jina kwa jina, chini ya idadi ya nafasi mlizoleta, na orodha hiyo ibaki ukutani mpaka uchaguzi wa 2027.

Mkebe msihangaike kununua. Ule wa mama bado ninao.